Jivu Lililokataa Kuanguka

Nchi ninayoisimulia ina bendera, ina wimbo wa taifa na ina kiti katika mikutano mikubwa, lakini jina lake nimeambiwa nisilitaje. Msihangaike kulitafuta kwenye ramani. Mkipita mahali ambapo barabara ya ikulu ina taa na barabara ya hospitali ina mashimo, msiseme haraka kwamba ndiyo hiyo. Zipo nyingi, na sisi hatupendi kugombana na majirani.

Mimi ni raia mwema. Naitwa Hemedi, na kwa miaka mingi nilikuwa mtangazaji wa Redio ya Taifa, ambayo ndiyo redio pekee nchini, kwa hiyo ndiyo bora. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nina kinyongo na mtu. Wapo waliopoteza zaidi yangu na wakapanga foleni kutoa shukrani.

Nchi yetu inasifika kwa kitu kimoja tu: siga. Siga ni ile sigara nene, isiyo na karatasi wala kichungi, majani matupu ya tumbaku toka ncha hadi ncha. Watu wa kawaida hatuivuti. Sisi tunalima tumbaku, tunaikausha, tunaisokota, kisha tunarudi nyumbani kukohoa. Kuvuta ni kazi ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa ndiye mwenye shamba, ndiye mnunuzi, ndiye mvutaji. Na ili haki itendeke, ndiye mwamuzi. Kila mwaka, siku ya Onjo Kuu, huwasha siga moja iliyochaguliwa kati ya zote, akaivuta mbele ya mabalozi, akatangaza ni ya daraja gani. Haijapata kuwa chini ya Daraja la Kwanza. Wachumi wetu wanasema huo ndio uthabiti.

*

Mgeni huuliza: siga huonjwaje? Swali zuri, na jibu lake hufundishwa shuleni kabla ya kujumlisha.

Kwanza inatazamwa. Jani la nje liwe laini, lisiwe na mishipa iliyosimama. Kisha inabonyezwa taratibu kwa vidole, toka juu hadi chini, kuhakikisha haina mahali palipolegea. Inanuswa. Inakatwa kichwa, inavutwa bila moto ili kujua kama njia ya hewa iko wazi. Ndipo inawashwa, na hapo washamba hujulikana, maana wao huutia moto mdomoni mwa siga kama wanaochoma nyasi. Siga hupashwa kwanza kwa mbali, ikizungushwa, mpaka duara lote liive sawasawa.

Baada ya hapo inavutwa kwa theluthi tatu, na kila theluthi ina ladha yake. Lakini alama kubwa kuliko zote ni jivu. Siga iliyosokotwa hovyo hudondosha jivu hovyo hovyo. Iliyosokotwa na mkono unaojua, jivu lake hushikamana, gumu, jeupe, likazidi kurefuka bila kuanguka.

Zamani Onjo Kuu lilikuwa jambo la ukumbini tu. Halafu mwaka mmoja, Mheshimiwa akiwa katikati ya siga, lori la kokoto likapita nje, meza ikatetemeka, jivu likaangukia suruali yake nyeupe. Dereva wa lori alipewa nafasi ya kwenda kutafakari mahali palipotulia, na bado anatafakari. Mwaka uliofuata barabara ya ukumbi ikafungwa. Mwaka mwingine mtu akakohoa. Kukohoa kukapigwa marufuku mtaa mzima. Kisha Waziri wa Moshi na Harufu, Dakta Mbelwa, msomi aliyeandika tasnifu nzima juu ya upepo bila kutoka nje, akagundua kwamba mtikisiko hauna mipaka. Mama akitwanga mpunga mkoani, alisema, ardhi inasikia, na ardhi ni moja. Bunge lilipitisha sheria siku hiyohiyo kwa makofi mafupi, kwa sababu makofi nayo yanatikisa.

Tangu hapo, Mheshimiwa akiwasha siga, nchi nzima inasimama. Magari yanazima pale yalipo. Vizuizi vinashushwa kila njia panda. Saa za ukutani na za mkononi zinasimamishwa, mlio wake usije ukasumbua. Hakuna anayevuka barabara, hata kwa miguu, mpaka jivu lianguke lenyewe. Kinachoruhusiwa ni redio, kwa sauti ya chini. Kila askari wa kizuizi ana redio yake, na anangoja maneno haya: “Jivu limeanguka, taifa lipumue.” Akiyasikia, anapandisha kizuizi. Maneno hayo, miaka yote hiyo, nilikuwa nayasema mimi.

*

Mke wangu Siwema alikuwa msokotaji katika kiwanda cha serikali. Mkiona namtaja mara nyingi mnivumilie, sina mtu mwingine wa kumtaja.

Alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha lililo wazi. Wizara ilikuwa imeyapigilia misumari madirisha yote, kwa sababu upepo hukausha jani. Vumbi la tumbaku lilikaa humo ndani na wasokotaji, nalo likawaingia vifuani. Siwema alipata pumu. Daktari alimwandikia dawa ya kupuliza, lakini madukani haikuwepo. Dakta Mbelwa alikwisha kutangaza kwamba nchi inayoishi kwa moshi haiwezi kuwa na pumu, na kuagiza dawa yake ni kuitukana. Tukawa tunapata kwa njia za pembeni, moja moja, kila tulipobahatika.

Hata hivyo aliipenda kazi yake. Siga ikikamilika alikuwa na utani wa kuibusu, kisha ananiambia, “Huyu mume mwenzio ananukia kuliko wewe.” Jioni vidole vyake vilikuwa na rangi ya chai, na nyumba nzima ilinukia yeye. Mpaka leo nikipita karibu na gunia la tumbaku, moyo wangu unageuka nyuma kumtafuta.

Mwaka ule siga yake ikachaguliwa. Aliingia nyumbani akicheza mlangoni, na mkoba bado uko begani.

“Hemedi, nimechaguliwa mimi! Itavutwa ya kwangu, na wewe ndiye utakayeitangaza. Mume na mke siku moja, umeona wapi?”

“Sijaona popote,” nikamwambia. “Haya, tutakaa wapi ukumbini?”

“Wewe utakaa penye maikrofoni. Mimi nitakaa kitandani na redio. Wasokotaji hatuingii, wanasema mikono yetu inanuka tumbaku.”

Asubuhi ya Onjo Kuu kifua chake kilikuwa kinapiga miluzi. Nilimwambia nitaomba udhuru. Akanicheka.

“Kifua changu kinalia tangu siku uliyonioa, mbona hukukiogopa? Nenda baba. Ukiwa unaisifia siga usiseme haraka haraka, nataka nisikie kila kitu. Na hilo jivu ulitazame vizuri. Safari hii nimeikaza mpaka vidole vimeniuma.”

“Hukupaswa kuikaza hivyo, watu watashinda barabarani.”

“Wakae. Si siku moja tu?”

Nilimwacha na Bi Mashavu, jirani yetu, mama wa makamo ambaye kwake hakuna mgonjwa asiyemhusu.

*

Dakta Mbelwa alifungua shughuli kwa hotuba.

“Mheshimiwa Mtukufu,” alisema, “waheshimiwa mabalozi, nawe siga uliyetukuzwa kwa kushikwa. Taifa lisilo na moshi ni taifa lisilo na dira. Maadui wanatuuliza, mnatengeneza nini? Nasi tunawajibu, tunatengeneza majivu, tena kwa mpango!”

Mabalozi walipunga mikono kimyakimya badala ya makofi, kama ilivyo taratibu.

Mheshimiwa akaipasha siga, akaivuta, akasema, “Mh.” Waziri akafasiri kwamba Mheshimiwa ameonja mbao mpya, kahawa iliyokaangwa vizuri, na kwa mbali, ngozi ya kiti. Katika theluthi ya pili jopo zima lilionja pilipili manga, umoja wa kitaifa, na barabara ya lami ambayo bado haijajengwa. Balozi mmoja alisema anaonja haki za binadamu. Akatazamwa, akasahihisha kwamba alikusudia kusema karafuu.

Nami nilikuwa natangaza taratibu, kama nilivyoombwa nyumbani. Nililisifu jani la nje, lilivyong’aa bila mshono kuonekana. Nililisifu duara la moto, lilivyokwenda sawa bila kula upande. Na jivu, jamani! Lilitoka jeupe, limejipanga pete juu ya pete, Mheshimiwa anageuza mkono, lenyewe limetulia. Niliona fahari. Nilitamani niseme hewani kwamba msokotaji ni mke wangu, lakini msokotaji hatajwi.

Waziri alipokuwa akifasiri “Mh” nyingine kwa maikrofoni yake, fundi mitambo wangu Chambuso alizima ya kwangu, akaniinamia.

“Kaka Hemedi, Bi Mashavu ametuma ujumbe. Shemeji pumu imembana vibaya. Walimtia kwenye gari la wagonjwa kabla siga haijawashwa, sasa wamekwama kizuizi cha mzunguko. Hospitali wanaiona kwa macho.”

“Gari halina oksijeni?”

Chambuso alitazama nyuma ya kiti cha Mheshimiwa. Mtungi wa gari lile ulikuwa umeazimwa kwa heshima ya siku hiyo. Ulisimama pale umefungwa utepe wenye rangi za bendera, endapo moshi ungemlemea mmojawapo wa waonjaji.

Akawasha maikrofoni yangu. Nikaendelea kutangaza, kwa sababu redio ikinyamaza ni uhaini. Nilisema jivu ni imara. Nilisema ni la kupendeza. Ndani nililiomba lianguke. Nililisihi jivu, mimi mtu mzima. Nilimwambia Mungu aitikise hiyo meza, alete lori la kokoto, alete chafya. Kazi ya mikono ya mke wangu, ambayo tangu asubuhi nilikuwa naionea fahari, niliichukia kwa roho yangu yote.

Mheshimiwa akavuta. Jivu likarefuka. Halikutikisika.

Basi nikaivuta maikrofoni karibu na mdomo, nikasema:

“Jivu limeanguka, taifa lipumue.”

*

Sauti ya nchi kuanza upya inaingia kwa wakati mmoja, kama mvua juu ya bati. Nje ya ukumbi injini zikanguruma, honi zikalia, watoto wakapiga kelele. Mheshimiwa alishtuka nusura aruke kitini, mkono ukamtetemeka.

Jivu halikuanguka. Siwema alikuwa ameikaza kweli.

Dakta Mbelwa alininyang’anya maikrofoni. “Ndugu wananchi,” alisema, akihema, “jivu halijaanguka. Kilichoanguka ni nidhamu ya mtu mmoja. Kila mmoja arudi pale alipokuwa.”

Nilidhani nimeshinda. Askari wawili walinishika mabega, nami nilikuwa natabasamu. Nilijua gari la wagonjwa likishavuka kizuizi limevuka, na kutoka pale mzunguko hadi hospitali ni hatua chache tu. Nilikaa chini ya ulinzi nikiwa na raha, nikimwona Siwema akiwekewa mpira puani na kumtania nesi.

Mimi ni mtu wa redio. Ningepaswa kuyasikia yale maneno vizuri zaidi: kila mmoja arudi pale alipokuwa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Bi Mashavu. Alinisimulia mara moja tu, nami sikumwomba tena.

“Tulishavuka, mwanangu. Tulishafika mlangoni kwao, nesi kasimama na kiti cha magurudumu, kanyoosha na mkono. Mara yule koplo wa kizuizi anatukimbilia, Koplo Tungaraza, analia, nakwambia analia mwanaume yule. Anasema, ‘Mama nisamehe, wamesema kila mtu arudi alipokuwa.’ Nikamwambia, ‘Wewe una mama wewe?’ Akasema, ‘Ninaye, mama, na wanajua anapoishi.’ Dereva akatia gia ya kurudi nyuma. Tukarudi kinyumenyume, nesi namwona anakuwa mdogo, mkono bado kaunyoosha. Kizuizi kikashuka mbele yetu.

“Siwema alikuwa ananisikia. Redio ya koplo ilikuwa inasema, sijui waziri yule, anasema jivu la mwaka huu halijapata kutokea. Siwema akacheka. Ndiyo, alicheka, pumzi hana lakini alicheka. Akaniambia, ‘Halianguki hilo, Bi Mashavu. Nimelisokota mimi.’ Basi. Hakusema tena neno.”

*

Jivu halikuanguka siku ile, wala siku nyingine. Mheshimiwa alisikia njaa. Akaiweka siga juu ya mto mdogo wa mahameli, na jivu lake lote limesimama, akauliza chakula kiko wapi.

Hapo kukazuka tatizo la kikatiba. Sheria ilisema nchi isimame mpaka jivu lianguke, na jivu lilikuwa halijaanguka, na wapishi walikuwa upande wa pili wa barabara. Mwanasheria Mkuu aliitwa. Alivaa miwani, akalitazama jivu mbele na nyuma, akatoa uamuzi kwamba limeanguka kwa tafsiri. Si kwa mwili, alisema, bali kwa nia. Vizuizi vikapanda na pilau ikapita.

Kwa hiyo lingeweza kuanguka kwa tafsiri wakati wowote. Mimi sikuwa na elimu hiyo. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nalisema bila kuficha.

Hospitalini daktari kijana, mpole, alinieleza kwamba hawezi kuandika mke wangu alifariki saa ngapi. “Saa zilikuwa zimesimamishwa, mzee wangu. Mtu hawezi kufa katika saa ambayo haikuwepo.” Akaandika kwamba alifariki vizuizi vilipopanda. Ndiyo maana, Dakta Mbelwa alipoulizwa bungeni, alijibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba tangu Onjo Kuu lianzishwe hakuna raia hata mmoja aliyepoteza maisha likiendelea. Hakusema uongo. Alipigiwa makofi marefu, maana siku ile yaliruhusiwa.

Tulimzika Siwema jioni, karibu na mama yake. Nilimwosha vidole mwenyewe kabla ya kuwapisha wanawake, lakini ile rangi ya chai haikutoka, nami nilifurahi haikutoka. Wizara ilileta rambirambi ya kreti mbili za soda, na afisa aliyezileta alingoja chupa.

*

Haikuwezekana kunishtaki, kwa sababu ingebidi kukiri kwamba Redio ya Taifa ilisema uongo. Ilitangazwa kwamba maneno yale yalisababishwa na hali ya hewa. Mimi nikapandishwa cheo. Niliteuliwa Mlinzi wa Jivu katika Jumba la Makumbusho, na kiti, na kofia.

Siga ya Siwema iko hapa, ndani ya kioo, juu ya mto wake wa mahameli. Jivu limesimama vilevile. Chini yake pana kibao cha shaba: SIGA BORA YA KARNE. DARAJA LA KWANZA LA JUU KABISA. IMESOKOTWA NA SERIKALI. Wanafunzi wanaletwa kwa mabasi kuitazama, na mimi kazi yangu ni kuwaambia wabane pumzi wanapopita. Wanabana, mashavu yamevimba, wakifika mlangoni wanaziachia wakicheka. Kila mara nawasikia wakizivuta tena, pumzi nyingi, za bure, na nageuka ukutani mpaka watoke.

Leo ni Onjo Kuu tena. Jumba ni tupu, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kutembea. Dirishani naona kizuizi cha mzunguko kimeshuka, magari yamesimama nyuma yake, na Koplo Tungaraza amekaa na redio yake mapajani. Mtangazaji mpya ana sauti nzuri. Anasema jivu la mwaka huu lina matumaini, ingawa haliwezi kulinganishwa na lile.

Ufunguo wa kioo ninao mimi. Nimeufungua mlango wake mdogo. Harufu iliyotoka ilikuwa ya nyumba yetu jioni, anapoingia na mkoba begani, na nimelia kwanza, nimelia kwa sauti, kinyume cha sheria.

Kisha nikainama. Nikavuta pumzi yote niliyoweza kuibeba, nikapuliza.

Limeanguka. Limetawanyika juu ya mahameli, jepesi, halina hata mlio.

“Jivu limeanguka,” nimesema taratibu, bila haraka, kama alivyotaka niseme. “Taifa lipumue.”

Halafu nimegeuza kiti changu kitazame dirisha, nimevua kofia, na namsubiri Siwema avuke.